Mafundi, msifute diski kabla ya kuangalia butiloda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi kompyuta wa nchi hii, pamoja na sisi tunaowapelekea mashine zetu. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika sekondari moja ya kata wilayani Muheza. Kwa kuwa hatuna mwalimu wa kompyuta, maabara ya kompyuta nayo iko mikononi mwangu, na haya ninayoyaandika kuhusu butiloda, yaani programu ndogo inayouamsha mfumo wa kompyuta ukiiwasha, yamenikuta humo humo.

Tuna kompyuta 11 za mezani, zote za mtumba. Mwaka juzi shule ilimwita fundi kutoka mjini aje kuzipiga Linux Mint, mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows, maana Windows iliyokuwamo ilishaoza kwa virusi na mashine zenyewe ni za zamani, haziwezi kubeba Windows mpya. Alifanya kazi ya maana, nasema bila kusita. Kutwa nzima alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anatoka mashine hii anaingia ile. Ya mwisho, iliyo kwenye kona karibu na dirisha, aliimaliza saa moja usiku, giza limeshaingia, akarukia bodaboda awahi gari la kurudi kwake.

Ile ya kona ndiyo tuliyoifanya ya ofisi ya taaluma. Ndani yake tuliweka alama za wanafunzi za mihula yote tangu siku hiyo. Tukaweka pia mazoezi ya vitendo ya Fizikia ya mwalimu aliyenitangulia, ambaye sasa amestaafu. Mzee yule aliketi jioni baada ya jioni akichora kwa kipanya saketi, lenzi na pendulamu, mchoro mmoja baada ya mwingine, kwa sababu shule haikuwa na vitabu vya kutosha. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Hilo lilikuwa kosa letu walimu, na tumeshalirekebisha.

Wiki ya mitihani ya muhula, asubuhi, mwalimu wa taaluma akabonyeza kitufe, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Akazima, akawasha. Ni yale yale. Tukamwita fundi mwingine aliye karibu na stendi. Alikuja, akatazama kioo kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema, "Mwalimu, hapa diski imekufa. Na kama haijafa, mfumo umeharibika. Nifute niweke upya, elfu ishirini na tano."

Nikamuuliza, "Na vilivyomo?"

"Mwalimu, hivyo visahau."

Nilimwomba aniachie mpaka kesho. Usiku ule sikupata usingizi, kila nikifumba macho naona ile michoro ya mzee.

Kesho yake mchana kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye ndiye hunisaidia kufagia maabara, alinikuta nimeinamia ile mashine. Akaniamkia, kisha akachungulia nyuma ya kompyuta. "Mwalimu, ile flashi nyeusi ya huku nyuma nani kaichukua?"

Flashi gani? Akanionyesha tundu. Alisema tangu siku ya yule fundi wa kwanza palikuwa na flashi ndogo sana, imezama karibu yote ndani ya tundu, na yeye akifagia hupitisha kitambaa juu yake. Nikauliza ofisini. Kweli, mwalimu mwenzetu aliichomoa Ijumaa akapeleke mitihani steshenari kuchapishwa, na huko mjini ikampotea.

Hapo ndipo nilipoelewa, Mhariri. Kompyuta yetu ilikuwa nzima na diski yake nzima, na kila faili lilikuwa mahali pake. Kilichoondoka ni butiloda, na butiloda miezi yote ile ilikuwa ikikaa kwenye flashi.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, naomba nieleze kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haijui Windows wala Linux. Inachojua ni maagizo machache yaliyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi kuu, ambayo kwa mashine za zamani huitwa BIOS. BIOS huvipitia vifaa kwa zamu, na kikiwa ni diski husoma kipande chake cha kwanza tu, baiti 512. Kati ya hizo, 64 ni orodha ya patisheni, yaani jinsi diski ilivyogawanywa, na 2 za mwisho ni alama ya kutambulisha. Zinabaki baiti 446 za programu. Hizo ni kama herufi 446, aya moja fupi ya barua hii. Mfumo endeshi mzima hauwezi kukaa humo. Kazi ya kile kipande ni kuamsha sehemu ya pili ya butiloda, iliyo kubwa zaidi, nayo ndiyo inayotafuta Linux au Windows ilipo na kuipakia. Linux nyingi hutumia butiloda inayoitwa GRUB, ambayo Erich Boleyn aliianzisha mwaka 1995.

Nimekulia kijijini, ambako mtoto hutumwa asubuhi kwa jirani kuomba kijinga cha moto. Kijinga peke yake hakiivishi ugali. Lakini bila kijinga, kuni zako hata zikiwa kavu na zimejaa jikoni, mtalala njaa. Fundi wetu alikusanya kuni zote nyumbani kwetu, akakiacha kijinga kwa jirani. Jirani alipohama, sisi tukadhani kuni zimelowa.

Ilikuwaje kijinga kikaenda huko? Programu ya kusakinisha Linux, ukichagua kugawa diski mwenyewe, hukuonyesha ukurasa wenye jedwali kubwa la patisheni. Chini kabisa, mahali ambapo jicho lililochoka halifiki, pana mstari mmoja unaouliza butiloda iwekwe kwenye kifaa gani. Jibu huwa limeshajazwa, na mara nyingi ni sda. Fundi mwenye haraka huona sda akajua ni diski ya kompyuta, kwa sababu kwenye mashine kumi zilizotangulia ilikuwa hivyo. Lakini herufi zile si majina ya kudumu. Kompyuta huzigawa kwa kadiri inavyovitambua vifaa wakati wa kuwaka. Ikiitambua flashi kwanza, flashi ndiyo sda, na diski inakuwa sdb. Siku ile kwenye mashine ya kona ikawa hivyo, butiloda ikaandikwa juu ya flashi ile ile aliyokuwa akisakinishia. Akazima, akawasha, Linux ikaja vizuri kabisa, kwa sababu flashi bado ilikuwa imechomekwa. Nani angeshuku?

Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: usisome herufi, soma ukubwa. Ukiandika amri ya lsblk, vifaa vyote hujipanga mbele yako na ukubwa wake. Diski ya GB 500 huonekana kama 465.8G. Flashi ya GB 16 huonekana kama 14 na ushei. Hapo hata mtoto wa darasa la tano hawezi kuchanganya ipi ni ipi.

Kuitengeneza hakukuchukua hata nusu saa. Niliandaa flashi nyingine ya Linux Mint, nikaiwashia kompyuta bila kusakinisha chochote, nikafungua dirisha la amri. Siku ile pia diski ilikuja kama sdb. Niliijua kwa ukubwa wake. Nikaifungua patisheni yenye mfumo kwa sudo mount /dev/sdb1 /mnt, kisha nikaandika sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sdb. Mwenye kuifuata njia hii aangalie kwanza patisheni yake ni ya ngapi, maana si lazima iwe ya 1, na ajue kwamba amri hii kama ilivyo ni ya mashine za BIOS. Ikaniandikia kwamba imemaliza na hakuna hitilafu. Nikachomoa flashi. Kijana wangu akasema, "Mwalimu, niwashe mimi." Akabonyeza. Menyu ya GRUB ikatokea, Linux ikaja, na kwenye ukurasa wa mwanzo wa kioo kabrasha la alama na kabrasha la michoro ya mzee yakawa pale pale tulipoyaacha. Nilikaa kwenye kiti nikanyamaza kwa muda.

Naandika kwa uchungu, kwa sababu ninamjua mtu ambaye hakupata bahati hiyo. Jirani yangu, mama wa makamo, ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA chenye akina mama 28. Laptopu yake ilikataa kuwaka baada ya mtoto wake wa chuo kuijaribishia Linux pembeni ya Windows. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaifuta na kuipiga Windows upya. Hisa, mikopo na marejesho ya miaka minne vyote vilipotea, na picha za harusi ya binti yake pia. Akina mama wale walikaa vikao vitatu wakikumbushana kwa vichwa nani kalipa nini, na wawili hawasalimiani mpaka leo. Mtoto alinieleza kilichokuwa kinaonekana kwenye kioo kabla ya kufutwa: maneno grub rescue na alama ya kusubiri amri. Maneno hayo maana yake ni kwamba GRUB imeamka lakini haioni patisheni yenye mafaili yake mengine. Mtoto huyo alikuwa ameifuta patisheni ya Linux akiwa ndani ya Windows, akidhani anaiondoa kabisa. Windows na kazi zote za mama yake zilikuwa hazijaguswa. Kilichohitajika ni kurudisha butiloda ya Windows, kazi ya dakika chache kwa mwenye flashi ya Windows mkononi.

Sasa kwa nini nayasema haya leo? Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na laptopu nyingi tulizonazo huku, za mtumba, hazina. Watu wanafanya jambo la busara, wanahamia Linux au wanaziweka zote mbili. Nami nawaunga mkono. Lakini hii ina maana butiloda zinaandikwa upya kwenye maelfu ya mashine, na nyingi ya hizo ndimo zilimo kazi za watu.

Mashine zilizokuja na Windows 8, mwaka 2012, na baada ya hapo, nyingi hazitumii tena BIOS ya zamani bali UEFI. Hapa kijinga hakikai kwenye zile baiti 446. Kinakaa kama faili la kawaida ndani ya patisheni ndogo ya FAT32 inayoitwa EFI, na bodi kuu ina orodha yake ya nani aitwe kwanza. Uzuri wake ni kwamba Windows ina kabrasha lake na Linux ina lake ndani ya patisheni ile ile moja, hazigombani. Ubaya ni kwamba fundi asiyejua huiona patisheni ya MB 100, haina jina la kueleweka, akaifomati kwa kudhani ni takataka. Akishaifomati, Windows haiwaki tena ingawa iko nzima. Patisheni ile usiifomati. Ieleze tu programu ya kusakinisha kwamba hiyo ndiyo EFI, iongeze kabrasha lake humo. Na kama Windows ilisakinishwa kwa UEFI, washa flashi ya Linux kwa UEFI pia. Ukiiwasha kwa mtindo wa zamani utaishia na mifumo miwili isiyoweza kuonana kwenye menyu moja.

Kuna jingine linalowatisha watu bure. Umesakinisha Linux pembeni ya Windows, ukawasha, menyu ya GRUB inaonyesha Linux peke yake. Watu hudhani Windows imefutika. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, programu ile imeacha kutafuta mifumo mingine yenyewe, mpaka iambiwe, na baadhi ya Linux zimeiacha hivyo. Fungua faili la /etc/default/grub, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub. Windows itajiorodhesha. Na kinyume chake: ukiweka Windows baada ya Linux, Windows hujiweka ya kwanza na Linux huonekana kama imetoweka, nayo ipo. Kwa hiyo anza na Windows, Linux ifuate.

Laptopu zenye BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofunga diski nzima, nazo zinataka uangalifu wa peke yake. Ukizima Secure Boot, ulinzi wa bodi kuu unaokataa butiloda isiyotambuliwa, ili Linux ikubali kuwaka, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao hafungui diski yake, basi. Fundi, mwulize mwenye mali ufunguo huo kabla hujagusa mipangilio. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, na yeye mwenyewe hajui kwamba anao.

Nimeona pia laptopu iliyofungwa diski mpya ya kisasa, SSD, mfumo ukasakinishwa humo, lakini diski ya zamani iliachwa ndani wakati wa kusakinisha na butiloda ikaenda huko. Mwenyewe akaiuza diski ya zamani mwezi uliofuata. Dawa yake ni bisibisi: ichomoe diski nyingine kabla hujaanza, uirudishe ukishamaliza.

Ombi langu kwa mafundi ni hili. Mteja akikuletea mashine isiyowaka, kabla hujatamka neno kufuta, iwashe kwa flashi ya Linux bila kusakinisha na uitazame diski. Ikionekana na mafaili yakafunguka, diski ni nzima, na tatizo liko kwenye kuwasha. Nakili kazi za mtu kwanza. Najua foleni ni ndefu, najua mteja anakusimamia kichwani akitaka mashine yake saa ile ile, na najua kutengeneza butiloda hakuna bei iliyozoeleka kama kupiga Windows. Basi tozeni. Mimi ningelipa ile elfu ishirini na tano kwa furaha, na yule mama angelipa mara kumi yake. Na ukimaliza kusakinisha, chomoa kila flashi, zima, washa tena mbele ya mteja.

Kwako Mhariri, naomba gazeti litenge safu ya mambo haya kwa Kiswahili. Kurasa za teknolojia zinatuletea simu mpya kila wiki, na ni vizuri, lakini mwenye laptopu ya mtumba ya mwaka 2011 naye ni msomaji. Lugha yetu haishindwi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri OpenOffice, ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Darasani naona kila siku kwamba kijana niliyemsomea ukurasa wa butiloda kwa Kiingereza hubonyeza tu endelea, na yule yule nikimweleza habari ya kijinga cha moto huuliza maswali mpaka kengele inalia.

Kwenye ile kompyuta ya kona sasa nimebandika karatasi ubavuni: tarehe ya kusakinishwa, mfumo uliomo, butiloda iko kwenye diski ipi, na nakala za mafaili ziko wapi. Nyingine kumi nazo tumeziangalia moja moja, mimi na yule kijana, tukichomoa kila kitu na kuziwasha. Zote ziliwaka. Jumamosi kuanzia saa nane mchana huwa nipo maabara, na fundi yeyote wa Muheza anayetaka kuona kwa macho namna ya kurudisha butiloda bila kugusa mafaili, aje na flashi yake. Mzee wetu mstaafu alikuja Jumamosi iliyopita, akaifungua michoro yake, akarekebisha mishale miwili kwenye mchoro wa lenzi.

Mwalimu wa Fizikia,
Muheza, Tanga